Jina langu limeishia kwenye shukrani: ni kwa sababu mimi ni mwanamke?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni afisa muuguzi katika kituo kimoja cha afya mkoani Kigoma. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikusanya data za utafiti kuhusu kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Niliwahoji akina mama kwa Kiha, nikajaza madodoso, nikapekua rejesta za MTUHA, yaani za mfumo wa taarifa za huduma za afya. Makala imetoka kwenye jarida la nje. Ina waandishi tisa, wanawake ni wawili tu na wote wako katikati. Mwenzangu wa kiume tuliyefanya naye kazi ileile ni wa tano. Mimi nimo kwenye shukrani, tena kwa jumla: "wauguzi wa kituo". Je, ni kwa sababu mimi ni mwanamke? Na nifanye nini, maana utafiti mwingine unaanza karibuni na wameniita tena?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kazi. Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo lenye muda. Usiingie kwenye utafiti mpya kabla hujapata majibu ya maandishi kwa mambo matatu. Je, jina lako litakuwemo kati ya watafiti wenza kwenye andiko linaloombewa kibali cha maadili? Makala zipi zinatarajiwa kutokana na data hizo, na kila moja itaongozwa na nani? Rasimu zikianza kuzunguka, zitakufikia kwa njia gani? Wakikujibu kwa mdomo tu, hesabu kwamba bado hujajibiwa. Sababu ya kushikilia hayo matatu utaiona nikieleza pengo lenyewe kati ya waandishi wanawake na wanaume linavyotokea, maana haliji siku makala inapoandikwa. Linaanza siku kazi zinapogawanywa.

Pengo hili limepimwa. Mwaka 2006 Reshma Jagsi na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine hesabu ya miaka 35 ya waandishi wa taasisi za Marekani katika majarida sita makubwa ya tiba. Mwaka 1970 wanawake walikuwa asilimia 5.9 ya waandishi wa kwanza wa makala za utafiti. Mwaka 2004 walifika asilimia 29.3. Kwa waandishi wa mwisho walitoka asilimia 3.7 hadi 19.3. Fani nazo zilitofautiana sana. Katika jarida la uzazi, Obstetrics & Gynecology, waandishi wa kwanza wanawake walipanda kutoka asilimia 6.7 hadi 40.7, lakini katika Annals of Surgery walitoka 2.3 na kuishia 16.7.

Ukitazama namba hizo peke yake utasema tusubiri tu, wasichana wengi sasa wanasoma udaktari, pengo litajiziba. Miaka kumi baadaye, Giovanni Filardo na wenzake waliangalia tena majarida sita makubwa, wakachapisha katika BMJ mwaka 2016. Waandishi wa kwanza wanawake walikuwa asilimia 27 mwaka 1994 na asilimia 37 mwaka 2014. Ila ongezeko hilo lilikuwa limesimama miaka ya mwishoni, na katika baadhi ya majarida lilikuwa limeanza kurudi nyuma. Kusubiri peke yake hakutoshi.

Katika utafiti wa tiba, nafasi ya jina ina uzito wake. Wa kwanza ni aliyebeba sehemu kubwa ya kazi na kuandika rasimu. Wa mwisho ni kiongozi mwandamizi wa kundi. Wa katikati hupata sifa kidogo, na orodha ikiwa ndefu sifa hiyo hupungua zaidi. Yupo pia mwandishi wa mawasiliano, anayeandikiana na jarida na kupokea maswali ya wasomaji. Chukua mfano wa huko huko kwenu: makala ya Nature ya mwaka 2009 iliyoonyesha kwamba sokwe wa Gombe walioambukizwa SIV, virusi vya nyani vya jamii moja na VVU, hufa mapema na kupata madhara yanayofanana na UKIMWI. Jina la kwanza ni la Brandon Keele, la mwisho ni la Beatrice Hahn, na mtu wa fani akiona hivyo anaelewa mara moja kundi lililoongoza ni la nani. Kwa hiyo hao wanawake wawili wa katikati kwenye makala yenu hawaonyeshi kwamba mambo ni shwari. Anayehesabu majina bila kuangalia nafasi hupata picha nzuri kuliko hali ilivyo.

Kuna utafiti mmoja unaokugusa moja kwa moja. Mwaka 2022 Matthew Ross na wenzake walichapisha katika Nature uchunguzi uliotumia kumbukumbu za kiutawala za vyuo vikuu vya Marekani, zinazoonyesha nani alikuwa akifanya kazi kwenye mradi gani. Wakalinganisha waliofanya kazi na waliotajwa kuwa waandishi. Wanawake walikuwa na uwezekano mdogo kwa takribani asilimia 13 wa kutajwa kwenye makala, na kwa hataza za uvumbuzi asilimia 58, ukilinganisha na wanaume wa timu ileile. Tafiti nyingi huhesabu walioandikwa. Huu ulihesabu pia walioachwa, na kundi hilo ndilo lako. Nyingine, ya mwaka 2016, ilipitia maelezo ya michango kwenye makala za majarida ya PLOS na kukuta wanawake wametajwa zaidi kwa kufanya majaribio yenyewe, wanaume zaidi kwa majukumu mengine kama kubuni, kuchambua na kuandika. Kazi ya mikono humwendea mwanamke, na kazi ya kalamu, ambayo ndiyo inayolipwa kwa jina, humwendea mwanamume.

Mkoani kwenu kuna pengo la pili juu ya hilo, la nani yuko karibu na kalamu. Mapitio ya makala 7,100 za utafiti wa afya uliofanyika Afrika kwa ushirikiano kati ya 2014 na 2016 yalikuta waandishi wa kwanza kutoka nchi inayotafitiwa ni asilimia 52.9 tu. Palipokuwa na washirika kutoka vyuo vikuu vinavyoongoza Marekani, walishuka hadi asilimia 23. Na hata ndani ya Tanzania, warsha ya kuchambua data mara nyingi hufanyika Dar es Salaam au Mwanza. Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Anayeweza kuacha nyumba kwa wiki nzima ndiye anayekwenda, anayekwenda ndiye anayekaa mbele ya faili la data, na aliyekaa mbele ya faili ndiye anayeandika. Mwenye mtoto anayenyonya hubaki kituoni akijaza mapengo ya madodoso. Huenda hakuna hata mtu mmoja aliyekusudia kumwacha nje, lakini matokeo ni yaleyale.

Sasa swali lako: ni kwa sababu wewe ni mwanamke? Kwa makala moja, hakuna awezaye kuapa. Lakini unaweza kupima kwa njia tatu. Kwanza, huyo mwenzako wa tano: mlikuwa na mkataba wa aina moja, majukumu ya aina moja, muda uleule? Kama ndiyo, muulize yeye binafsi aliingiaje kwenye orodha. Mara nyingi jibu ni dogo tu, kwamba alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la watafiti, au alialikwa warsha, au alitumiwa rasimu "aipitie". Pili, angalia ni nani mwingine mwenye kazi kama yako aliyeachwa. Wakiwa wauguzi wote, wanawake kwa wanaume, basi ubaguzi hapo ni wa kada kuliko jinsia, ingawa kwenye uuguzi na ukunga viwili hivyo hushikana. Tatu, chukua makala tano au sita zilizopita za kundi hilohilo. Jambo likijirudia, huwezi tena kuliita bahati mbaya.

Tuje kwenye kanuni, kwa sababu ndiyo silaha yako. Majarida mengi ya tiba hufuata mapendekezo ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE. Mwandishi lazima atimize vigezo vinne vyote kwa pamoja. Awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, au kupata data, au kuzichambua, au kuzitafsiri. Awe ameandika rasimu au ameipitia kwa kina kwa upande wa maudhui. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na awe amekubali kuwajibika kwa kazi yote, ili likitokea swali juu ya ukweli wake lishughulikiwe. Hiki cha nne kiliongezwa mwaka 2013.

Soma hicho cha kwanza tena. Kupata data kumo. Wengi huambiwa "wewe ulikusanya tu", na wanakubali. Kinachotakiwa ni mchango uwe mkubwa, na hapo inabidi ujue kuutaja mchango wako kwa jina lake. Kujaza dodoso ulilopewa kama lilivyo, kwa siku chache, ni vigumu kulitetea. Ila fikiria kipimo cha damu. Watafiti wanataka mililita, kwa kawaida 500 au zaidi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Mama aliyejifungulia nyumbani hakuambii mililita. Anakuambia kanga ngapi zililowa, na kama aliona giza aliposimama. Aliyeamua swali hilo liulizweje kwa Kiha ili majibu ya mama wa kijiji kimoja yalingane na ya mwingine, amechangia mbinu za utafiti. Aliyegundua kwamba rejesta ya chumba cha kujifungulia na jalada la mgonjwa havilingani, akapendekeza kanuni ya kipi kifuatwe, amechangia ubora wa data na tafsiri yake. Aliyewasimamia wadadisi wengine na kukataa madodoso yaliyojazwa kwa kubahatisha, vivyo hivyo. Ukiandika "nilikusanya data" umejipunguzia mwenyewe.

Kanuni hiyohiyo ina sehemu nyingine ambayo viongozi wa miradi huipita haraka, nami nakuomba uisome polepole. Inasema vigezo visitumike kumwengua mtu kwa kumnyima nafasi ya kutimiza cha pili na cha tatu. Kila aliyetimiza cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika, kupitia na kuidhinisha. Kwa hiyo wakikuambia "hukuandika rasimu, ndiyo maana humo", swali la kuuliza kwa adabu ni hili: rasimu niliitumiwa lini?

Na upande wa pili wa kanuni: kupata fedha za mradi peke yake, kusimamia kwa jumla peke yake, au kutoa msaada wa kiutawala peke yake hakumfanyi mtu mwandishi. Mkuu wa idara aliyesaini barua ya ruhusa anastahili shukrani. Tabia ya kumweka bosi kwa heshima inaumiza wanawake kwa namna mbili, kwa sababu mabosi wengi ni wanaume na kwa sababu mara nyingi hupewa nafasi ya mwisho, ile yenye uzito.

Kwa utafiti unaokuja, mwandikie mtafiti mkuu barua pepe kabla ya mafunzo ya wadadisi, nakala kwa mganga mfawidhi wako ili isionekane umemruka. Iwe fupi. Kwa mfano:

"Ndugu Mtafiti Mkuu, nashukuru kwa mwaliko wa kushiriki tena. Katika utafiti huu nitasimamia usaili kwa Kiha, nitahakiki madodoso dhidi ya rejesta kila wiki, na ningependa kushiriki katika uchambuzi na uandishi. Naomba jina langu liwemo kati ya watafiti wenza kwenye maombi ya kibali cha maadili. Naomba pia tukubaliane mapema kuhusu makala zitakazoandikwa na mpangilio wa waandishi, kwa kufuata vigezo vya ICMJE. Nipo tayari kuongoza makala kuhusu dalili ambazo akina mama huzitambua kabla ya kufika kituoni."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Anayeomba "kuwekwa" hupewa nafasi ya saba. Anayeomba kuongoza makala fulani, yenye swali lake, analazimisha mazungumzo ya aina nyingine. Data za mradi mmoja wa ukubwa huo hutoa makala tatu, nne. Ile kubwa ya matokeo makuu itabaki kwa wakubwa, na sioni haja ya kuigombea mwaka wa kwanza.

Maombi ya kibali ni mlango ambao wengi hawauoni. Utafiti wa afya unaohusisha binadamu hapa nchini hupitia kamati ya maadili, na kamati ya kitaifa iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Maombi huambatana na wasifu wa watafiti. Ukiwemo pale, wewe ni mtafiti mwenza kwenye kumbukumbu rasmi, na anayetaka kukuondoa baadaye atalazimika kueleza. Usipokuwemo, wewe ni mdadisi, na mdadisi hupewa posho na shukrani. Andaa wasifu wako sasa, kurasa mbili au tatu, na ufanye kozi ya maadili ya utafiti inayotolewa mtandaoni ili upate cheti, kwa sababu kukosa vitu hivi ni kisingizio rahisi cha kukuacha nje: "muda ulikuwa mfupi, wasifu wake haukuwepo". Watafiti wa kigeni nao huhitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa hiyo karatasi zao zinaandaliwa miezi kadhaa kabla. Hicho ndicho kipindi cha kuzungumza.

Makubaliano ya uandishi yanatosha kwenye ukurasa mmoja. Yataje kila makala inayotarajiwa, mwandishi wa kwanza, wa mwisho na wa mawasiliano wa kila moja, kazi ya kila mtu, muda wa kurudisha maoni ya rasimu (siku 14 ni za kawaida), na nini kitafanyika mtu akishindwa kazi yake. Kwa kugawa kazi tumieni orodha ya majukumu 14 ya CRediT ambayo majarida mengi huitaka wakati wa kutuma andiko: kubuni wazo, mbinu, utunzaji wa data, uchambuzi, usimamizi, kuandika rasimu ya kwanza, kuhariri na mengineyo. Mkiijaza mwanzoni mtaona mapema nani amerundikiwa ukusanyaji peke yake, na mnaweza kumwongezea jukumu la uchambuzi au uandishi kabla mambo hayajaharibika. Yapitieni upya data zikifungwa, kwa sababu michango hubadilika.

Weka kifungu cha uzazi, tena bila haya. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, na 100 kwa mapacha. Wiki kumi na mbili zinatosha rasimu kuzunguka, kurudi na kutumwa kwenye jarida. Mwanamke anaondoka akiwa wa pili, anarudi akiwa wa sita, na hakuna aliyemtendea ubaya wa wazi. Andikeni kwamba likizo ya uzazi au ya ugonjwa haibadilishi nafasi ya mtu, na kwamba rasimu ya anayeongoza itamsubiri, au yeye mwenyewe atamteua wa kuiendeleza huku nafasi yake ikibaki. Kwamba majukumu ya nyumbani huonekana kwenye orodha za waandishi, janga la UVIKO-19 lilituonyesha kwa namba: uchambuzi wa makala za miezi ya mwanzo, uliochapishwa katika eLife mwaka 2020, ulikuta wanawake waandishi wa kwanza wa makala za UVIKO-19 wamepungua kwa takribani asilimia 19 kulinganisha na makala za majarida yaleyale mwaka 2019.

Wawili mkifanya kazi sawasawa, jarida linaruhusu kuweka alama kwamba wamechangia kwa usawa. Hata hapo kuna mtego. Utafiti wa mwaka 2019 kuhusu jozi za namna hiyo ulikuta kwamba wanapokuwa mwanamume na mwanamke, jina la mwanamume ndilo hutangulia mara nyingi zaidi. Amueni kwa kanuni iliyoandikwa, kwa alfabeti au kwa kura ya karatasi, na mseme mmeitumia.

Kisha kuna kuandika kwenyewe. Aliye na rasimu ya kwanza ndiye mwenye makala. Nimeona mabishano mengi ya nafasi yakiisha siku mtu anapoweka rasimu mezani. Usianze na utangulizi, utakwama. Anza na majedwali, manne au matano, yawe na vichwa na namba kamili. Halafu mbinu, ambazo wewe unazijua kuliko aliye Dar. Halafu matokeo, ukisimulia majedwali tu. Mjadala na utangulizi vifuate, na ikisiri iwe ya mwisho, kwa kawaida maneno 250 hadi 300. Makala nzima iwe kama maneno 3,000, ila soma masharti ya jarida. Kwa utafiti wa uchunguzi usio na jaribio fuata STROBE, orodha ya mambo ya kutaja kwenye makala, yenye vipengele 22. Kwa usaili wa kina tumia COREQ yenye 32. Kinachokwamisha wengi wa vituoni ni kukosa faili la data, si Kiingereza, kwa hiyo haki ya kulipata iwemo kwenye makubaliano. Kiingereza kinarekebishika, wenzako wapo.

Usiwe na haya pia kuyapa jina matokeo yako. Uchambuzi uliotoka BMJ mwaka 2019 ulionyesha makala ambazo mwandishi wa kwanza na wa mwisho wote ni wanawake hazitumii sana maneno kama "mapya" na "ya kipekee" kwenye kichwa na ikisiri, ilhali maneno hayo yanaambatana na kunukuliwa zaidi. Sikuambii upambe. Kama jambo halijawahi kupimwa Kigoma, sema halijawahi kupimwa Kigoma.

Jisajili ORCID, mfumo wa kimataifa wa kutambulisha watafiti, ni bure, utapata namba ya tarakimu 16 ya kudumu. Kwa mwanamke wa hapa ni muhimu kuliko kwa mwanamume: leo unaandika kwa jina la baba, ukiolewa vyeti vya kazi vinabadilika kuwa jina la mume, na mfumo unakuona wewe ni watu wawili, kila mmoja ana makala mbili. Chagua namna moja ya kuandika jina na ushikamane nayo hadi ustaafu.

Kuhusu makala iliyokwisha kutoka: kumwongeza mwandishi baada ya kuchapishwa kunawezekana kwa sahihisho rasmi, lakini jarida kwa kawaida litataka maelezo na saini za waandishi wote tisa. Soma kwanza sehemu ya michango mwishoni mwa makala uone kazi yako imeandikwa jina la nani. Kusanya ushahidi: ujumbe, madaftari ya usimamizi, dodoso lenye masahihisho yako. Mwandikie mwandishi wa mawasiliano, si mhariri, ukimpa mwezi mmoja. Akikataa, nenda kwa taasisi ya mtafiti mkuu. Majarida yanayofuata miongozo ya COPE, Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, hayaamui ugomvi wa nani ni mwandishi, huurudisha kwa taasisi. Ningekuwa kwenye nafasi ya kukushauri ana kwa ana ningekuambia usitumie mwaka mzima hapo. Dai vitu viwili vinavyopatikana: jina lako kamili kwenye shukrani, ukikumbusha kwamba ICMJE inahimiza anayeshukuriwa atoe idhini ya maandishi, na haki ya kuongoza makala ya pili kutoka data zilezile. Kabla ya kuianza hakikisha kibali cha awali kinaruhusu uchambuzi huo, la sivyo iombewe marekebisho, na ikikamilika ipitie NIMR kwa ruhusa ya kuchapisha. Ada ya jarida isikutishe: majarida mengi husamehe au hupunguza kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, ila uombe wakati wa kutuma andiko, si baada ya kukubaliwa.

Ukiambiwa wanawake wa kuweka nafasi ya mwisho hawapo nchini, kumbuka NIMR yenyewe iliongozwa na Dkt. Mwele Malecela, aliyekwenda baadaye kuongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele ya Shirika la Afya Duniani hadi alipofariki mwaka 2022. Na jambo hili linawafikia wagonjwa. Uchambuzi wa makala zaidi ya milioni 1.5 za tiba, wa mwaka 2017, ulikuta penye waandishi wanawake kuna uwezekano mkubwa zaidi wa matokeo kuchambuliwa kwa jinsi. Mambo yanayoua akina mama huulizwa vizuri zaidi na walio karibu nao.

Mwisho, ukitaka kujua hali ya mkoa wenu wote, unaweza kuipima kwa wikendi chache. Tafuta kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za makala za tiba, neno Kigoma, likibanwa kwenye kichwa na ikisiri kwa alama [tiab]. Ondoa makala za samaki wa Ziwa Tanganyika na za sokwe, zitakuwa nyingi. Mwenzako wa Tabora akifanya vivyo hivyo akumbuke kuweka alama hiyo, maana Tabora ni jina la ukoo Amerika ya Kati na utafutaji utamletea waandishi wasiohusika. Majina kamili ya waandishi yapo tangu 2002, na anwani za waandishi wote tangu 2014. Kabla ya hapo kuna ya wa kwanza tu. Kwa hiyo anza 2014. Kwa kila makala andika jinsi na taasisi ya mwandishi wa kwanza, wa mwisho na wa mawasiliano, kisha idadi ya wa katikati. Usitumie programu za kukisia jinsi kwa jina: Furaha, Riziki, Amani na Shukuru ni ya wote, na herufi za mwanzo hazisemi kitu. Uliza. Usiyempata mwandike "haijulikani", na uonyeshe idadi yao.

Makala zikiwa 40 na wanawake wa kwanza 14, hiyo ni asilimia 35, lakini kwa idadi ndogo hivyo kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya 22 na 50, basi usipige kelele kwa tofauti ya mwaka mmoja. Linganisha na sehemu ya wanawake kati ya watumishi wa kada husika, si na nusu ya watu wote. Jedwali likikamilika mpelekee Mganga Mkuu wa Mkoa likiwa na nafasi na taasisi, bila majina ya watu, na uombe lizungumzwe kabla hajasaini barua ya kukubali utafiti unaofuata.